Kitanda cha kuuguzia nyumbani: cha fundi, cha kuzungusha kwa mkono au cha umeme?

Mgonjwa akiruhusiwa kutoka hospitali ya Kitete hapa Tabora, familia ikaambiwa atakuwa wa kulala kwa miezi, mjadala wa kitanda huanza kwenye kundi la WhatsApp la ukoo kabla hata hajafika nyumbani. Aliye Dar es Salaam anatuma picha ya kitanda cha umeme chenye rimoti. Aliye Mwanza anasema amekiona cha mtumba, kimetoka Ulaya, bado kizima. Aliye hapa Tabora, yule mkwe au binti atakayelala chumba kimoja na mgonjwa, mara nyingi haulizwi chochote. Nafanya kazi ya uuguzi wa majumbani, na nimeingia kwenye vyumba ambamo kitanda cha pesa nyingi kimesukumwa ukutani na kuwekewa nguo, huku mgonjwa amelazwa kwenye godoro chini kwa sababu mwuguzaji ameona hivyo ndivyo rahisi.

Kitanda cha kuuguzia kina watumiaji wawili: anayelala na anayemgeuza. Ukikichagua kwa kumwangalia mmoja tu, mwingine ataumia; na mwuguzaji akiumia mgongo, mgonjwa naye hana wa kumgeuza. Kwa hiyo sitalinganisha vitanda kwa sifa zilizoandikwa kwenye boksi. Nitavilinganisha kwa kazi zinazofanyika juu yake usiku na mchana. Msimamo wangu nauweka mapema: kwa nyumba nyingi za huku kwetu, pesa ya kwanza iende kwenye kitanda kinachopanda na kushuka kimo, ya pili kwenye godoro, na mota ije ya tatu. Wapo wagonjwa ambao kwao mota ni lazima, nao nitawafikia.

Vitanda vyenyewe

Cha kwanza ni kitanda cha mbao kilichorekebishwa. Tabora mafundi selemala wa mninga hawakosekani, na mninga hausumbuliwi na mchwa. Fundi hurekebisha kimo cha miguu, hukata chaga sehemu mbili, kisha sehemu ya mgongo huifunga bawaba iweze kuinuka na kushikwa na kigingi kwenye meno. Cha pili ni cha chuma kutoka kwa fundi wa kuchomelea, ambaye ameiga kitanda cha wodini kwa bomba za mraba.

Cha tatu ni cha kiwandani, cha kuzungusha kwa mkono. Hapa sikiliza vizuri muuzaji anachokuambia. Kitanda cha mikono miwili, yaani vyuma viwili vya kuzungusha, kina mkono mmoja wa kuinua mgongo na mwingine wa kuinua magoti, basi. Kimo chake hakibadiliki. Ni cha mikono mitatu ndicho kinachopanda na kushuka chote kwa pamoja. Kwenye picha za simu vinafanana kabisa, na watu wengi hununua cha miwili wakidhani wamepata kila kitu.

Cha nne ni cha umeme. Vingine ni nusu: mota inainua mgongo na magoti, kimo unazungusha mwenyewe. Vingine kila kitu ni rimoti. Mtumba haumo kwenye hesabu hii kama aina ya peke yake, kwa kuwa kitanda cha mtumba ni cha mkono au cha umeme tu, ila kina historia usiyoijua.

Saa nane za usiku: kumgeuza

Hii ndiyo kazi inayoamua. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza anahitaji kugeuzwa, na desturi ya wodini ni kila baada ya saa 2, usiku na mchana. Asipogeuzwa, damu haifiki vizuri kwenye ngozi iliyobanwa kati ya mfupa na godoro, hasa juu ya makalio, kwenye nyonga na visigino, na hapo vidonda vya mgandamizo huanza. Vitabu vingi vinasema tazama wekundu. Kwenye ngozi zetu nyeusi wekundu hauonekani kwa urahisi. Gusa: sehemu iliyo ya moto au ngumu kuliko za jirani yake, au iliyokoza weusi wa zambarau, ndiyo imeanza kuharibika hata kama ngozi haijachanika.

Sasa fikiria kimo. Kitanda cha kawaida pamoja na godoro huwa kiasi cha sentimita 50 kutoka sakafuni. Mwuguzaji wa kimo cha kati anapaswa kuinama nusu ya mwili, amshike mtu mzima begani na nyongani, amvute kwake. Akifanya hivyo mara kadhaa kila usiku, baada ya muda mgongo wake unakataa. Kitanda kikipanda hadi karibu na kiuno chake, kazi ileile inafanywa kwa kusimama wima, uzito wa mwili ukihama kutoka mguu mmoja kwenda mwingine, na mgongo hauhusiki sana.

Kwa kazi hii cha mikono mitatu na cha umeme kamili viko sawa. Tofauti yao ni jasho tu. Cha mikono miwili kinashindwa, hata kama ni kipya na kinang'aa. Cha fundi kinashindwa pia, lakini angalau kimeshindwa kwa bei ndogo, na kwa fundi unaweza kuchagua kimo unachotaka tangu mwanzo.

Kama kitanda chako hakipandi, usikate tamaa. Tandika shuka ya kugeuzia, yaani shuka iliyokunjwa mara mbili kutoka mabegani hadi mapajani. Watu wawili wakiishika pande mbili wanamgeuza mgonjwa bila kumburuta. Aliye peke yake apige goti moja juu ya kitanda badala ya kuinama. Lakini hayo yote yanadai kitanda kiwe na nafasi pande zote mbili. Kukisukuma ukutani ili chumba kipumue kunaondoa nusu ya faida yake.

Godoro, ambalo watu hulinunua kwa pesa iliyobaki

Naona familia inalipa kitanda cha umeme, halafu inaweka juu yake godoro la zamani la chumba cha wageni. Ngozi ya mgonjwa haigusi mota, inagusa godoro. Kama bajeti inatosha kimoja tu kati ya mota na godoro zuri, chukua godoro.

Kwa mgonjwa anayejigeuza mwenyewe, godoro la sponji nzito lenye unene wa sentimita 12 hadi 15 linatosha, mradi likunjike pamoja na kitanda. La springi halikunjiki, na godoro nene mno hupunguza kimo cha kingo za pembeni. Jaribio lake ni jepesi. Mgonjwa akiwa amelala chali, ingiza mkono chini ya godoro, kiganja juu, usawa wa makalio. Ukihisi mwili wake kwa sababu sponji iliyobaki kati yenu haifiki sentimita 2 na nusu, godoro hilo limekufa, hata kama juu linaonekana zima.

Kwa asiyejigeuza kabisa, au ambaye tayari ana kidonda, godoro la hewa lenye vyumba vinavyojaa na kupungua kwa zamu linasaidia sana. Halifuti kazi ya kugeuza. Pampu yake hula umeme kidogo, lakini hula saa zote 24, na hapa ndipo LUKU, umeme wa kulipia kabla, inapoingia. Uniti zikiisha usiku wa manane, au umeme ukikatika, godoro huanza kunywea na mgonjwa hushuka hadi kwenye chuma. Kwa hiyo chini ya godoro la hewa weka sponji ya kawaida, usiliweke juu ya chaga tupu. Muulize muuzaji kama mpira wake una kifungio cha kuzuia hewa pampu ikizimika. Vingine vinacho, na ni jambo dogo lenye thamani kubwa.

Makintoshi, ile shuka ya mpira, ni lazima pale penye mkojo au choo, lakini isigusane na ngozi. Kwa joto la Septemba na Oktoba hapa Tabora mgonjwa anaoga jasho juu ya mpira, na ngozi iliyolowa huchubuka haraka. Juu ya makintoshi weka shuka ya pamba, moja, isiyo na mikunjo. Na yale mapira ya duara yenye tundu ambayo watu huwekewa chini ya makalio, tafadhali yaacheni: yanabana ngozi pembeni mwa tundu na kuzuia damu kufika katikati. Visigino navyo haviwekwi kwenye glavu zilizojazwa maji. Weka mto chini ya misuli ya miguu, urefu wa kutosha kisigino kining'inie bila kugusa kitu.

Kula, na ujanja wa nyuzi 30

Aliyepata kiharusi hupaliwa kirahisi. Chakula au maji yakienda njia ya hewa, yanaweza kuleta nimonia, na nimonia ya namna hiyo huua. Akila kwa mdomo aketi wima kadiri awezavyo, na abaki ameinuliwa angalau nusu saa baada ya kumaliza. Anayelishwa kwa mpira wa puani ainuliwe nyuzi 30 hadi 45 wakati wote wa kulishwa.

Upande mwingine, kumwacha ameinuliwa sana mchana kutwa kunamfanya ateleze kuelekea miguuni. Mifupa inashuka, ngozi inabaki imeng'ang'ania shuka, na nyama ya juu ya makalio inachanika kwa ndani kabla hujaona kitu kwa nje. Kwa hiyo nje ya saa za chakula, nyuzi 30 au chini yake, isipokuwa daktari ameagiza vingine kwa sababu ya kupumua.

Nyuzi 30 unazijuaje bila kifaa? Pima urefu wa sehemu ya mgongo ya kitanda, kutoka kwenye mkunjo hadi kichwani. Inua hadi ncha ya kichwani ipande kwa nusu ya urefu huo. Kama sehemu hiyo ni sentimita 70, ncha ikipanda sentimita 35 umefika nyuzi 30. Ikipanda karibu sentimita 50 umefika 45. Weka alama ya rangi kwenye ukuta au kwenye mguu wa kitanda, ili hata mjukuu atakayeshika zamu ajue pa kusimama.

Hapa ndipo faida ya kuinua magoti inapoonekana. Ukiinua magoti kwanza, kisha mgongo, mgonjwa hatelezi, kwa sababu mapaja yamemzuia. Daktari wa upasuaji wa Marekani, Willis Gatch, ndiye aliyebuni kitanda cha vipande vitatu vya kukunjika mwanzoni mwa karne ya 20, na hata leo vitanda vyote hivi ni wajukuu wa kile chake. Kitanda cha fundi kisicho na sehemu ya magoti kinaweza kusaidiwa na mto mgumu chini ya mapaja. Si sawa, lakini kinafaa.

Kwa kuinua mgongo tu, cha umeme kinashinda pale mgonjwa mwenyewe anapoweza kubonyeza. Mzee mwenye ugonjwa wa moyo anayekosa pumzi usiku akilala chali, mkono wake mzima, akili yake timamu: huyu akiwa na rimoti anajiinua kabla hajamwita mtu, na kwake hizo sekunde ni kubwa. Mgonjwa asiyeweza kubonyeza, rimoti inabaki ya mwuguzaji, na mwuguzaji ana mikono ya kuzungusha.

Onyo kwa kitanda cha fundi chenye kigingi na meno. Ukitoa kigingi huku uzito wa mgonjwa uko juu, egemeo la mgongo linaweza kuanguka lote mara moja na vidole vikabaki humo. Mwombe fundi aweke skrubu ndefu ya kuzungusha, au hata jeki ya gari ile ya kuzungusha, chini ya egemeo. Skrubu haianguki. Inaongeza gharama kidogo na kuondoa hatari kubwa.

Kushuka

Mjini hapa miembe iko kila mahali, na sijaona mgonjwa wa Tabora asiyetaka kutolewa nje jioni akae kivulini asalimiwe na wapita njia. Kitanda kinachomzuia asishuke kinamwongezea ugonjwa. Ili mtu asimame salama, akiketi ukingoni nyayo zote mbili lazima zikanyage sakafu na magoti yakunjike karibu na nyuzi 90. Kwa watu wengi wazima hiyo ni sentimita 45 hadi 50 pamoja na godoro.

Vitanda vingi vya mikono miwili ni virefu kuliko hapo, hasa ukishaweka godoro. Bibi mfupi akiketi ukingoni miguu inaning'inia, anateleza mbele ili aifikishe chini, na anaanguka. Ukitaka kujua kama kitanda kinamfaa, pima urefu kutoka kisigino chake hadi nyuma ya goti kabla hujaenda dukani, uandike kwenye simu. Kwa mgonjwa wa nyonga iliyovunjika, ambaye wiki chache zijazo atakuwa anajifunza kusimama, mimi ningechukua kitanda cha mbao cha kimo sahihi mbele ya cha chuma cha mikono miwili kilicho kirefu, bila kusita.

Cha mikono mitatu kinampa kila mtu kimo chake: juu wakati wa kuogesha na kubadilisha pampasi, chini wakati wa kushuka na wakati wa kulala. Mkishamaliza kumhudumia kishusheni, na breki zifungwe. Kitanda kilichosahaulika juu usiku ni hatari kuliko kisichopanda kabisa.

Kingo za pembeni na mianya yake

Familia nyingi huniambia, "Dada, hiki kina vyuma pembeni, hataanguka." Kwa mgonjwa aliyetulia, ni kweli kingo humsaidia, hata kujivutia wakati wa kugeuka. Kwa aliyechanganyikiwa, anayeamka usiku akitaka kwenda chooni, kingo humfanya apande juu yake na kuanguka kutoka mbali zaidi. Huyo anahitaji kitanda kilichoshushwa kabisa na mkeka mnene pembeni, na mtu wa kumpeleka haja kabla hajalala.

Hatari isiyosemwa sana ni mwanya. Kichwa, shingo au kifua kinaweza kunasa kati ya chuma na chuma, au kati ya ukingo na godoro, na mgonjwa dhaifu hawezi kujinasua. FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, katika mwongozo wake wa 2006 ilitaja sehemu 7 za kitanda ambamo mtu anaweza kunasa, na kwa mianya mikuu ikaweka mpaka wa sentimita 12, ambao unatokana na upana wa kichwa. Sahani ya CD ina kipenyo cha sentimita 12. Ichukue ile ya zamani iliyo kabatini, uipitishe kati ya vyuma vya ukingo, na kati ya ukingo na godoro lililobanwa kwa mkono. Ikipita yote, mwanya ni mkubwa mno.

Vitanda vya kuchomelewa ndivyo hufeli zaidi jaribio hili, maana fundi anaokoa chuma kwa kuachanisha nondo. Mpelekee CD hiyo kabla hajaanza kukata. Mitumba nayo hufeli kwa sababu nyingine: kitanda kimekuja bila godoro lake, na godoro la dukani ni jembamba kwa sentimita kadhaa, basi mwanya umezaliwa pembeni.

Umeme, neti na mlango

Mota ya kitanda haipendi umeme unaopanda na kushuka. Weka stebilaiza, na kabla ya kununua mtumba soma kibandiko: umeme wetu ni volti 230. Kitanda kilichotoka Marekani ni cha volti 120 hivi, na kikichomekwa moja kwa moja kinaungua. Chagua chenye betri ya akiba, au chenye namna ya kukishusha kwa mkono umeme ukikatika. Ukikosa vyote viwili, umeme ukikatika mgonjwa akiwa ameinuliwa, atabaki hivyo hadi urudi. Na watoto wasichezee rimoti. Mota nyingi za vitanda hivi zimepangiwa kufanya kazi dakika 2 na kupumzika 18, zikichezewa mfululizo hupata moto. Rimoti nzuri zina sehemu ya kuzifunga.

Cha mkono nacho kina ugonjwa wake, ambao ni vumbi. Kiangazi chetu na udongo wetu wa kichanga huingia kwenye skrubu, na mkono unakuwa mzito hadi mwuguzaji anauacha. Futa, paka grisi kila unaposikia inalia. Mikono ikunjwe ndani baada ya kuzungusha, maana ile inayobaki imechomoza miguuni inaumiza magoti ya watu gizani. Acha nafasi ya mtu kuchuchumaa upande wa miguu, kwa sababu huko ndiko kazi ya kuzungusha ilipo.

Neti watu huikumbuka mwisho, na huu ni mkoa wenye malaria nyingi. Neti iliyofungwa kwenye vyuma vya kitanda huvutwa mgongo ukiinuliwa, inachomoka chini ya godoro, na mbu wanaingia. Ifungeni darini au kwenye kamba kutoka ukuta hadi ukuta, iwe ya pembe nne na kubwa kuliko kitanda, ili mgongo ukipanda iwe bado na ulegevu. Hili ni sawa kwa vitanda vyote, isipokuwa kwamba kinachopanda kimo kinahitaji neti ndefu zaidi.

Mlango upime mwenyewe. Kitanda cha hospitali kina upana wa karibu sentimita 90 na urefu wa mita 2, ukijumlisha kingo kinazidi. Milango mingi ya vyumba vyetu haizidi sentimita 80 au 90. Kinachofunguka vipande ndicho kitakachoingia. Magurudumu yake ni ya sakafu ya saruji, kwenye mchanga wa uani hayaendi popote, kwa hiyo tafuta wabebaji wanne na usitegemee kukisukuma. Anayesafirisha kutoka Dar es Salaam, kwa treni au kwa lori, akifungue kabisa na mota zifungwe kwa nguo peke yake. Boksi la skrubu alibebe mwenyewe mkononi.

Nani achukue kipi

Mgonjwa asiyejigeuza, mwuguzaji mmoja: cha mikono mitatu na godoro la hewa juu ya sponji. Sioni ubishi hapo. Ikiwa mwuguzaji mwenyewe ni mzee au ana mgongo mbovu, hapo mota ya kimo inastahili, kwa sababu bila hiyo kitanda hakitapandishwa kamwe.

Mgonjwa mwenye akili timamu na mkono mzima, anayekosa pumzi au anayeshinda peke yake wengine wakiwa kazini: cha umeme, hata nusu umeme, pamoja na betri ya akiba.

Aliyevunjika, anayetarajiwa kuinuka baada ya wiki: kitanda cha mbao cha kimo chake, egemeo la skrubu, na kitu imara cha kushikia pembeni. Au azima. Muulize afisa ustawi wa jamii wa hospitali, uliza msikitini na kanisani. Kuna familia zina kitanda kimekaa stoo tangu mzee wao afariki, na hufurahi kikitumika.

Cha mikono miwili? Kinafaa pale ambapo mgonjwa hashuki kabisa na kimo chake kimeangukia kiunoni kwa mwuguzaji, au pale ambapo fundi anaweza kukata miguu kifikie sentimita 45 kwa mgonjwa anayeshuka. Kukata miguu ya kitanda kipya kunauma, lakini mtu kuvunjika nyonga kunauma zaidi. Akate minne sawasawa, na breki zirudishwe.

Mtumba nunua ukiwa umelala juu yake, kwa mwili wako, mtu mwingine akizungusha au kubonyeza kila kitu hadi mwisho na kurudi. Sikiliza. Kama kinakwaruza kikiwa na wewe, kitakwama kikiwa na mgonjwa. Tafuta kibandiko cha uzito. Kiwango cha kimataifa cha vitanda vya wagonjwa, IEC 60601-2-52, kinataka cha mtu mzima kibebe angalau kilo 170, ndani yake kilo 135 zikiwa za mgonjwa na zilizobaki za godoro na vifaa. Kwa cha fundi kisicho na kibandiko, waketi watu wazima wawili wenye miili pamoja juu ya egemeo na katikati, mbele ya fundi, kabla hujamalizia malipo.

Na kabla ya hayo yote mpeleke dukani yule atakayeuguza. Asimame pembeni ya kitanda, akipandishe, akishushe, afunge breki kwa mguu, ainue na kushusha ukingo kwa mkono mmoja, kwa sababu ule mwingine utakuwa umemshika mgonjwa. Akisema "hiki siwezi," ondokeni.